Ganda la garneti: mawe ya Tanzania yaliyosomewa Houston

Ukitaka kumtisha mbwa kwa jiwe mjini Houston, utaumwa kabla hujaliona. Mji mzima umekaa juu ya mfinyanzi na mchanga ulioletwa na mito kuelekea Ghuba ya Meksiko kwa mamilioni ya miaka, tabaka juu ya tabaka, unene wa kilomita nyingi. Kiangazi kikikaza, ardhi inapasuka nyufa za kuingiza kidole. Mvua ikinyesha inavimba na kuinua sakafu za watu. Kokoto za barabara hutoka mbali. Mtu aliyekulia Arusha, ambako hata kuku hufukua vipande vyeusi vya volkano nyuma ya jiko, huanza kujihisi kama aliyeletwa kuishi juu ya keki.

Na bado, baadhi ya mawe ya Arusha yalisomwa kwa makini katika mji huu usio na mawe.

Mwaka 1972 jarida la kisayansi la Lithos lilichapisha makala kuhusu kinachotokea kati ya madini mawili, olivini na garneti, katika vipande vya miamba kutoka mlima wa Lashaine, Tanzania. Waandishi walikuwa wawili. Mmoja ni Barry Dawson, Mwingereza aliyefanya kazi katika idara ya jiolojia ya Tanganyika na ambaye mwaka 1960 alishuka ndani ya kreta ya Oldoinyo Lengai kuangalia lava yake ya ajabu. Mwingine ni Arch Reid, aliyekuwa kwenye kituo cha NASA cha Houston, ambako siku hizo kila mtu mwenye hadubini alikuwa akishughulika na mawe ya mwezini. Miaka mitatu baadaye Reid, Dawson na wenzao watatu, Donaldson, Brown na Ridley, walitoa kazi nyingine mbili: moja juu ya madini ya mlima huohuo wa Lashaine, nyingine juu ya Milima ya Igwisi, huko magharibi mwa Tanzania. Kwa hiyo katika miaka ya Apollo, kwenye meza zilezile zilizopokea vumbi la mwezini, palikuwa pia na mawe ya Lashaine.

Lashaine ni kilima cha volkano magharibi mwa Arusha, upande wa Monduli. Hakina umaarufu wa Meru wala wa Lengai, na mtalii anayekwenda Manyara hukipita bila kugeuza shingo. Lakini kilipolipuka, magma ilibeba vipande vya mwamba ambavyo si vyake. Iliving'oa kutoka tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, tabaka ambalo baadhi ya vitabu huliita koti la dunia, ikavipandisha na kuvitupa juu vikiwa bado vigumu. Wanajiolojia wanaviita zenolithi, neno walilolitunga kwa Kigiriki, na maana yake ni jiwe mgeni. Nilipomtafsiria mzee mmoja wa Kitanzania hapa Houston, alicheka: "Basi ndio sisi hao." Nilicheka naye. Ila huyu mgeni wa Lashaine alisafiri bila viza wala sanduku, na alichoondoka nacho hakufika nacho chote. Kazi ya Reid na Dawson ilikuwa kuangalia alichopoteza.

Ninalo jiwe la aina hiyo mezani ninapoandika. Si la Lashaine. Linatoka San Carlos, Arizona, na nililinunua kwenye maonyesho ya madini hapa Texas kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kwa nje ni jeusi na lina vitundu kama mkate uliochachuka vibaya: hiyo ndiyo magma iliyoganda. Katikati kuna donge la kijani la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ukilisogeza karibu na dirisha, donge linageuka kuwa punje nyingi zilizobanana, za rangi ya choroko zilizomenywa, na chache za kijani kikali kama chupa ya soda iliyovunjika. Zile za choroko ni olivini, madini ambayo ndiyo sehemu kubwa ya koti la dunia. Za chupa ni piroksini yenye kromiamu. Nyeusi chache zilizojificha katikati ni spineli, ndugu wa spineli ya Mahenge, ila hizi hakuna broka atakayezitazama mara mbili.

Mawe ya Lashaine yana kitu ambacho langu halina: garneti. Ni nyekundu iliyoelemea zambarau, rangi ya juisi ya rosela. Na hapo ndipo hadithi inapoanzia, kwa sababu garneti ni madini ya kina kirefu.

Sababu yake unaweza kuifuata kwa kuangalia aluminiamu inalala wapi. Mwamba wa koti la dunia una aluminiamu kidogo, na aluminiamu hiyo lazima ikae ndani ya madini fulani. Karibu na juu, hadi kilomita 30 hivi, hukaa kwenye felspa, madini mepesi yasiyobanana. Chini zaidi mgandamizo unakuwa mkubwa na felspa haistahimili. Aluminiamu inahamia kwenye spineli. Ukishuka zaidi, kilomita 60, 70, 80 kulingana na joto na mchanganyiko, spineli nayo inazidiwa, na aluminiamu inapata nyumba iliyobanana kuliko zote mbili, yaani garneti. Atomi ni zilezile. Kinachobadilika ni namna zilivyopangwa, kama vile watu walewale wanavyokaa sebuleni siku ya kawaida na wanavyokaa kwenye daladala ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo mjiolojia anayeokota zenolithi na kuona garneti anajua papo hapo kuwa jiwe limetoka mbali. Akiona spineli tu, kama kwenye jiwe langu, anajua halikutoka mbali sana.

Sasa chukua garneti iliyotulia chini kwa miaka bilioni moja au mbili, ikazungukwa na olivini bila ugomvi wowote. Magma ikapita, ikaing'oa, ikaanza kupanda nayo. Mgandamizo unashuka. Joto la magma lenyewe ni kubwa kuliko la mwamba. Daladala inamwaga abiria. Garneti haiwezi tena kuwa garneti: pale inapogusana na olivini, madini haya mawili yanaanza kulana, na mahali pao panazaliwa piroksini za aina mbili na spineli. Mmenyuko unaanzia ukingoni na kula kuelekea ndani. Ukifika juu kabla haujamaliza, unakuta kiini cha garneti kimefunikwa na ganda la kijivu, la kahawia au jeusi.

Ganda hilo lina jina. Albrecht Schrauf, mtaalamu wa madini wa Vienna, aliliita kelifiti mwaka 1882, kutokana na neno la Kigiriki la ganda la kokwa. Angekuwa amepikiwa wali kwa kuni huenda angeliita ukoko.

Ukitaka kuliona vizuri, lazima ukate jiwe. Fundi wa maabara huligundisha kwenye kioo, kisha analisaga mpaka linabaki unene wa sehemu 3 za mia za milimita, jembamba kuliko unywele, na mwanga unapita. Kwenye hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, olivini inawaka rangi za kitenge cha sikukuu: bluu, waridi, manjano. Garneti, kwa jinsi atomi zake zilivyopangwa sawasawa pande zote, inazima kabisa na kuwa shimo jeusi. Na kuzunguka lile shimo kuna pindo la nyuzinyuzi nyembamba, zimesimama wima kutoka kwenye ukuta wa garneti kama nywele zilizosimama kwa baridi. Nyuzi hizo ni piroksini na spineli zilizosukana. Hazikuwa na muda wa kukua zikawa punje za heshima. Wembamba wake wenyewe ni ushahidi wa haraka.

Jiwe unalolishika mkononi, basi, si jiwe lililokuwa chini. Njia imelichokonoa. Unaweza kuliona jambo hilo kama usumbufu, uchafu wa kuondoa ili ufike kwenye habari za kweli za kina. Mimi nadhani pindo ndilo sehemu tamu. Kiini kinakuambia jiwe lilitoka wapi. Pindo linakuambia lilisafirije.

Kama magma ingepanda polepole, garneti yote ingeliwa na tusingeijua. Kama ingepanda kwa kufumba na kufumbua, pasingekuwa na pindo. Kilichopo ni katikati, na katikati hiyo inaweza kupimwa. Kuna hoja nyingine rahisi zaidi: donge la olivini ni zito kuliko magma inayolibeba. Kwenye magma iliyotulia lingezama kama kokoto kwenye uji. Kufika kwake juu kunamaanisha magma ilikuwa inapanda haraka kuliko donge linavyoweza kuzama.

Saa iliyo bora kuliko zote ilipatikana kwenye hidrojeni, na hapo Houston inarudi tena. Olivini haina maji kwenye kanuni yake, lakini kule chini hidrojeni kidogo hujipenyeza kati ya atomi zake. Jiwe likipanda, hidrojeni inatoroka kupitia kingo za punje, ikianza na iliyo karibu na nje. Katikati inabaki, pembeni inapungua. Ukipitisha mwanga wa infraredi kutoka ukingo mmoja wa punje hadi mwingine, unapata mchoro wenye mgongo wa kilima, na mteremko wa kilima hicho unakuambia punje ilikuwa njiani muda gani. Anne Peslier, ambaye amefanya kazi zake katika kituo cha NASA cha Houston, aliwapima hivyo wageni wa mawe kutoka kusini mwa Afrika. Katika kazi aliyoitoa na wenzake mwaka 2008, hesabu ilikuja mita 5 hadi zaidi ya 30 kwa sekunde kwa magma ya kimberlaiti, ile inayobeba almasi.

Nilikaa na kalamu. Mita 5 kwa sekunde, kilomita 150: saa 8 na dakika 20. Ni basi la Dar es Salaam kwenda Dodoma, pamoja na kusimama Morogoro kula. Mita 30 kwa sekunde: chini ya saa moja na nusu. Jiwe lililokaa mahali pamoja tangu kabla ya kuwapo mnyama yeyote duniani linaondoka baada ya chai ya asubuhi na jioni limeshatua juu.

Kimberlaiti inapata wapi mbio hizo? Jibu linalonishawishi lilitolewa mwaka 2012 na Kelly Russell wa Kanada na wenzake. Mwanzoni magma hiyo ina kaboneti nyingi na silika kidogo. Njiani inang'oa vipande vya koti la dunia, na ndani ya vipande hivyo kuna piroksini moja yenye silika ya kutosha. Magma inaila kwa pupa. Kadiri inavyojaa silika, uwezo wake wa kushika kaboni dioksidi unapungua, gesi inatoka, magma inajaa mapovu, inakuwa nyepesi, inapanda kwa kasi, inang'oa vipande vingine, inakula tena. Mtu yeyote aliyefungua soda iliyotikiswa kwenye barabara ya vumbi anaelewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kimberlaiti haisubiri hata saa ya tatu, inamgeuza mgeni kuwa kuni. Ndiyo maana mwambani humo olivini zinapatikana tele na piroksini ile imekuwa adimu.

Mwadui, Shinyanga, ndipo Mtanzania anapoijua kimberlaiti, hata kama neno lenyewe hajalisikia. John Williamson, Mkanada, aliigundua mwaka 1940. Bomba lake la mwamba lina eneo la hekta 146, kati ya makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa kwa faida duniani. Oktoba 1947 lilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5 ambayo Williamson alimzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa mwaka huo. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6.

Watu husema almasi ni ya milele. Watu hao hawajamuuliza anayechambua almasi ghafi. Almasi ikiwa imetulia kule chini ya kilomita 140 au 150 huwa na nyuso nane na ncha kali. Ikiingia ndani ya kimberlaiti inaanza kuliwa, kwa kuwa oksijeni na majimaji ya magma yanaichukua kaboni yake. Mwenye kutumbukiza kipande cha sukari guru kwenye chai ya moto anajua kinachofuata: ncha ndizo zinazotangulia kwenda. Almasi nyingi hufika juu zimeviringana, nyuso zimepinda, na juu ya uso uliobaki kuna vishimo vidogo vya pembetatu, vingine havionekani bila lenzi. Iliyopoteza ncha zake zote inakadiriwa kuacha njiani karibu nusu ya uzito wake. Fikiria zile tunazoziona sokoni, kisha fikiria zilizoyeyuka zote kabla ya kufika.

Na zile zilizopanda bila haraka? Moroko ya kaskazini, mahali paitwapo Beni Bousera, kuna kipande cha koti la dunia kilichopandishwa taratibu na misukumo ya ardhi, bila magma ya kukikimbiza. Ndani yake kuna maumbo ya nyuso nane, sawasawa kabisa na almasi, pembe kwa pembe. Ukiyagusa yanachafua vidole. Ni kinywe. Ilikuwa almasi, ikapanda polepole mno kwenye joto, atomi zikapata muda wa kujipanga upya, na kilichobaki ni umbo la almasi lililojaa madini ya penseli. Sijui kitu kinachonihuzunisha zaidi katika jiolojia nzima.

Nirudi Igwisi, kwa sababu hapo Tanzania ina rekodi ya dunia na hatujisifu nayo. Vilima vitatu vidogo, huko magharibi, Mkoa wa Tabora, ndivyo volkano za kimberlaiti changa kuliko zote zinazojulikana. Umri wake ni kama miaka 12,000 tu. Kimberlaiti nyingine zote tunazozijua ni za mamilioni ya miaka, zimekwanguliwa na mvua mpaka kinachoonekana ni mabomba bila vilima vyake. Igwisi bado ina kreta, bado ina lava. Na ndani ya lava hiyo olivini zimeviringana kama gololi. Zimesagana zenyewe kwa zenyewe njiani, kingo zikamegeka, halafu magma ikalamba kilichobaki. Watu walikuwapo Afrika Mashariki wakati ule. Kama kuna kizazi cha binadamu kilichowahi kusikia mlio wa kimberlaiti, kiliishi maeneo ya Tabora.

Ni kundi lilelile la Houston lililoisoma Igwisi mwaka 1975, na nadhani haikuwa bahati nasibu. Reid na wenzake walikuwa wakipima vioo vidogo vilivyochujwa kutoka kwenye udongo wa mwezini. Desemba 1972, Harrison Schmitt wa Apollo 17, mjiolojia pekee aliyetembea mwezini, aliona udongo wa rangi ya chungwa ukingoni mwa kreta ya Shorty. Ulikuwa shanga za kioo, matone ya magma iliyoruka kama chemchemi kutoka mamia ya kilomita ndani ya mwezi na kuganda hewani, ikiwa neno hewani linafaa mahali pasipo na hewa. Uko Houston hadi leo, pamoja na sehemu kubwa ya kilo 382 za mawe ya Apollo, ndani ya makabati yaliyojazwa naitrojeni. Shanga zenyewe zilikuwa zimepoteza karibu maji yote. Lakini baadhi zilikuwa na punje za olivini, na ndani ya olivini vitone vya magma vilivyofungiwa kabla ya mlipuko. Mwaka 2011 Erik Hauri na wenzake walivipima wakakuta maji kati ya sehemu 615 na 1,410 katika kila milioni. Kilichokuwa wazi kilipoteza. Kilichofungiwa kilibaki nacho. Ni kanuni ileile ya punje za Peslier, na ileile ya almasi ya Brazili iliyofunguliwa siri yake mwaka 2014: ndani yake kulikuwa na chembe ya ringwudaiti, madini ya kina cha zaidi ya kilomita 500 ambayo yangebadilika umbo yasingekuwa yamefungiwa kwenye kuta ngumu kuliko zote.

Texas yenyewe nayo ina wageni wa aina hii. Kutoka Houston hadi Dallas ni kilomita 385 hivi kwa barabara kuu ya 45, na kwa mpenzi wa mawe ni safari ya kuchosha mpaka unapokaribia mwisho. Hapo ardhi inabadilika. Dallas imekaa juu ya chaki, mwamba mweupe wa bahari ya zamani, na ziwa la mjini, White Rock Lake, limechukua jina lake kwenye weupe huo. Bahari hiyo ilipofunika Texas, miaka milioni 80 hivi iliyopita, volkano ndogondogo zilichomoza chini ya maji upande wa kusini-magharibi. Moja ilikuwa pale palipo leo na mji mdogo wa Knippa, magharibi mwa San Antonio. Huchimbwa kokoto huko, na ndani ya kokoto kuna madonge ya kijani kama langu.

Ni jambo la kufurahisha jinsi miji hii miwili inayoshindana kwa kila kitu, kuanzia mpira hadi nyama choma, ilivyogombania pia madonge ya Knippa. Young na Lee wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walichapisha kazi yao mwaka 2009. Urmidola Raye na Robert Stern wa Chuo Kikuu cha Texas cha Dallas, pamoja na wenzao, walitoa yao 2011. Hakuna garneti Knippa, ni spineli. Aluminiamu imelala nyumba ya kati. Na kazi ya Rice ilisoma ndani ya madini hayo dalili za majimaji yaliyowahi kupenya zamani, kumbukumbu ya bara moja kugongana na jingine na milima ambayo leo imezikwa chini ya Texas.

Majina hayo mawili, Lee na Stern, yanamrudisha msomaji nyumbani bila kumwomba ruhusa. Cin-Ty Lee, kabla hajahamia Houston, akiwa bado mwanafunzi Harvard, aliandika na Roberta Rudnick mwaka 1999 juu ya Labait, volkano iliyo ukingoni mwa ule mwamba wa kale uliobeba Tanzania ya kati. Madonge ya Labait yalitoka vina tofauti hadi karibu kilomita 150, hivyo waliweza kuyapanga kama mtu anayepanga sufuria kwa ukubwa na kuona koti la dunia lilivyo kutoka juu kwenda chini. Mwaka huohuo, pamoja na John Chesley, walipima osmiamu na kupata umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Na Stern wa Dallas ndiye aliyeandika mwaka 1994 ile tathmini kubwa ya mgongano uliounda milima ya kale kutoka Arabuni hadi Msumbiji. Mgongano huo ndio uliopika mwamba wa Merelani, na tanzanaiti ndani yake.

Tanzanaiti haikupandishwa na magma. Niseme hivyo kabla broka wa Arusha hajaniandikia. Lakini broka huyo anajua zaidi ya wengi jambo ninalolizungumza. Jiwe linatoka shimoni likiwa la kahawia, wanalichoma, kwenye nyuzi 500 au 600, na linageuka bluu. Vanadiamu iliyomo ndani inabadilisha hali yake na mwanga unapita kwa namna nyingine. Mke wa mtu mjini Irving, karibu na Dallas, aliyevaa pete hiyo kanisani Jumapili amevaa jiwe lililobadilishwa na safari ya dakika chache kwenye tanuri.

Kuna jambo linanikera, na nitalisema mara moja. Hesabu majina niliyoyataja: Dawson, Reid, Donaldson, Brown, Ridley, Lee, Rudnick, Chesley. Lashaine, Igwisi, Labait. Milima yote ni yetu, na hakuna hata mwandishi mmoja Mtanzania katika orodha hiyo. Siwalaumu walioandika; walitembea, walibeba, walisaga, walipima, na bila wao tusingejua lolote. Lakini mtoto wa Monduli anayechunga mbuzi kwenye mteremko wa Lashaine anakanyaga garneti zenye pindo, na sijui kitabu cha Kiswahili cha kumwambia pindo hilo ni nini. Nimeandika makala hii kwa kuchonga maneno njiani, na mengine yametoka yamemegeka kingo.

Donge la San Carlos liko palepale mezani. Mawe haya yana kasoro moja ambayo muuzaji hakuniambia. Yalipolegezwa kutoka mgandamizo wa kule chini, mipaka kati ya punje ilifunguka kidogo, na mahali pengine kioo chembamba cha magma kiliingia katikati. Hayakushikana tena kama zamani. Kila mwanangu anapolishika kuangalia, punje mbili tatu zinadondoka. Jana usiku nilifuta meza, zikabaki kwenye kitambaa kama chenga za sukari ya kijani. Nikawasha taa ya simu, nikaziinamia, moja ilikuwa safi kabisa mpaka nauona uzi wa kitambaa upande wa pili.